Mume Wangu wa Kwenye Kamba

Mume wangu aliitwa kikao na mwenye nyumba, Jumamosi saa nne asubuhi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Sina mume.

Mimi ni fundi viatu. Nina kibanda, nina wateja, na nina binti wa miaka saba anayeuliza maswali mengi kuliko polisi. Tulikuwa tunalala sebuleni kwa dada yangu, na shemeji alishaanza kufunga milango kwa kishindo.

Nilizunguka nyumba tisa. Kote swali lile lile: baba yuko wapi? Mmoja alidai nitaleta wageni. Mwingine akahofia waume za watu. Wa tatu alikuwa tayari kunipa chumba, ila ufunguo mmoja abaki nao yeye. Nikamwachia chumba chake.

Nyumba ya kumi nilipokewa na mama mmoja mtu mzima, wapangaji wanamwita Bi Funguo kwa ule mzigo wa funguo kiunoni. Chumba kina dirisha linalofunga na komeo la maana. Akasema yeye hana neno, ila mumewe, Mzee mwenye nyumba, hampangishi mwanamke aliye peke yake.

"Mume wangu yuko safarini," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Nikanunua suruali mbili za mtumba na shati. Kila Jumatano nazifua, naanika uani watu waone. Nikampa kazi ya mitambo huko mbali, wapangaji wakambatiza Injinia.

Baada ya muda akawa na heshima kunishinda. Nikisema bomba linavuja, hakuna anayesikia. Nikisema Injinia amekasirika, fundi bomba anafika siku hiyo hiyo. Jirani akaniweka chini kunisema eti simpigii mume pasi vizuri. Iliniuma. Wallahi iliniuma.

Mwezi wa nane tangu tuhamie, Bi Funguo akaja na ujumbe. Mzee anataka mkataba wa maandishi, na atausaini na Injinia mwenyewe, ana kwa ana. Asipotokea, tuhame. Binti yangu alikuwa ameshaandika jina lake mlangoni kwa chaki.

Jumamosi nikaenda peke yangu, na uongo wangu kwapani: Injinia amekwama kazini. Bi Funguo akanikaribisha sebuleni kwake, akasema bahati mbaya Mzee naye katoka kidogo.

Tukakaa. Mimi namsubiri wake, yeye anamsubiri wangu. Chai ikapoa. Akaniuliza Injinia ni mtu wa namna gani. Nikasema mkimya sana. Akasema hata wa kwake.

Viatu vya Mzee vilikuwa pale mlangoni, vyeusi, vina vumbi. Jicho la fundi halina adabu. Nikakiokota kimoja, nikakigeuza. Soli haijakanyaga hata kokoto, na kibandiko cha dukani bado kipo.

"Mama," nikauliza taratibu, "Mzee anatembelea mikono?"

Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Na suruali za Injinia? Fundi mitambo gani asiye na doa la oili miezi minane?"

"Kumbe ulijua."

"Tangu wiki ya pili, mwanangu. Nilitaka uje useme mwenyewe."

Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa mshahara wa unesi. Siku paa linamalizika, kaka zake walikuja na futi kupima vyumba wagawane. Wapangaji nao wakawa hawamtii. Ndipo akatangaza kaolewa na Mzee mkali, asiyependa kuonekana. Kaka zake hawakurudi tena.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini basi anawafungia mlango wanawake wenzake.

"Mzee angekuwa mpole," akasema, "nani angeamini kwamba yupo?"

Tulicheka mpaka mimi nikaanza kulia, naye akanifuata.

Tulipomaliza akavuta mkataba. Palipoandikwa mwenye nyumba, akaandika jina lake kamili, herufi moja moja. Mimi nikasaini la kwangu. Chumba kilichofuata kuwa wazi alimpa mama mjane mwenye watoto watatu, na hakumuuliza kitu kuhusu marehemu.

Sasa ndugu zangu, hebu fikirieni. Wanaume wawili ambao hawajawahi kuzaliwa waliaminiwa nyumba nzima. Sisi tulioijenga na kuilipia tulikuwa tumejificha nyuma ya nguo zao.

Kama una chumba cha kupangisha, muulize mwanamke anahamia lini. Ya mumewe muachie mwenyewe.