Namba Saba Imemwaga Damu Bwera

Leo nusura watu wauwe mutu sababu yangu.

Mimi natunza parkingi ya pikipiki hapa sokoni Bwera. Asubuhi niliingiza wateja wa zamani kwenye databesi mpya ya kompyuta, lakini sikuiambia iendelee kutoka namba yao ya mwisho. Wateja wa leo ikawapa tena namba kuanzia moja.

Mchana Kambale, muchuuzi wa Butembo, akaleta kadi yake ya parkingi, namba saba, achukue pikipiki yake.
Kwenye skrini nikaona jina la Muhindo, mteja wa zamani.
Nikasema kwa sauti, "Hii pikipiki si yako."

Mtu nyuma yake akapaza sauti, "Mwizi!"

Watu wakamurukia. Ngumi. Mateke. Fimbo ya kichwa.

Nikamulalia juu. "Acheni! Namba saba iko na majina mawili!" Na mimi wakanitandika, ndipo wakaacha.

Hesabu ya namba nimeshairekebisha. Kambale, akitema damu, ameniuliza: "Ni mashini ilisema miye mwizi, ao ni weye?"

Ninyi mungejibu nini?