Maombi kwa Watu wa Sayari ya Mbali

Mwalimu wetu wa fizikia alitupa habari ile siku chache kabla ya shule kufungwa: wataalamu walikuwa wamegundua sayari kubwa, ya jamii ya Jupita, inayozunguka nyota nyingine kabisa, si jua letu. Ilikuwa karibu mno na nyota yake, hata mwaka wake uliisha kwa siku nne. Nilikuwa kidato cha tatu, na habari hiyo niliibeba kutoka Voi hadi nyumbani Mghange kama zawadi.

Nilimsimulia mama tukichambua maharagwe. Mikono yake ikatulia.

"Karibu na jua hivyo? Si kunaungua?"

"Ni moto kama tanuri, mama."

"Maskini," akasema, akaendelea na kazi.

Jumapili, mchungaji aliuliza nani ana hitaji la maombi. Mmoja akataja mgonjwa. Kisha mama akasimama, akakaza leso kiunoni.

"Naomba tuwakumbuke watu wa ile sayari mpya. Mtoto wangu ameletewa habari zao shuleni. Jua lao liko karibu sana, wanaungua."

Wanakwaya ndio walioanza kucheka. Mchungaji akajizuia, akashindwa. "Mama, tuanze na ndugu zetu wa Marungu hapa chini. Hao nao jua limewamaliza."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mama alibaki amesimama, akinitazama nimsaidie. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Masikio yaliniwaka.

Njiani aliniuliza polepole, "Kwani kule hakuna watu?"

"Hakuna. Ni gesi tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Alitangulia, viatu vya Jumapili mkononi kwa sababu ya matope.

Sokoni wanawake wakaanza kumwita Mama Sayari, bila ubaya, naye aliitika na kucheka nao. Lakini kanisani, yeye aliyezoea kuwa wa kwanza kuomba, sasa alikuwa akitazama sakafu mpaka mchungaji apite kwenye jambo lingine. Hata dada yangu alipolazwa hospitalini Voi, mama alininong'oneza wakati wa maombi, "Simama wewe useme."

Nikasimama. Watu wote wakanigeukia, na sauti ikakataa kutoka. Ilibidi mchungaji aulize mara ya pili tunamwombea nani.