Mwavuli Uliorudi na Jembe

Enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha kufika Korogwe, mimi kijana wa Kizigua kutoka Kwedizinga nilikuwa karani pale stesheni, na nilikuwa nimependa. Binti alitoka Mashewa, akileta ndizi sokoni. Akicheka, nilisahau nilichokuja kununua.

Nikaenda kuposa mwenyewe. Shangazi yangu, aliyepaswa kunisemea, nilimwacha nyumbani kwa kuwa hakujua kusoma. Nilivaa viatu vyeusi, nikachukua mwavuli mpya wa kumpa baba mkwe. Njia nzima nilikwenda kama mlevi, nikiiamkia migomba shikamoo.

Mzee alinikaribisha barazani. Nyuma ya ukuta nilisikia binti akitwanga.

"Una shamba, mwanangu?"

"Sina, mzee. Jembe sijalishika tangu nianze shule. Mimi nakula mshahara."

"Ehe."

"Tena asubuhi nikiwa hapa, jioni niko Tanga. Binti yako hatakaa mahali pamoja mpaka aote mizizi."

"Ehe. Na makaburi ya wazee wako anayafyeka nani?"

"Wako watu kijijini. Mimi nimeshatoka huko."

Mchi ulinyamaza, kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kanga. Nikadhani ni furaha. Nikamwonyesha mzee viganja vyangu, laini kama vya bwana stesheni. Akavitazama kama mtu anayechagua mbegu.

"Huyu wangu," akasema, "hupanda mlima na mkungu kichwani, anaimba."

"Atapumzika, mzee. Kwangu hatabeba kitu."

"Ehe."

Kila "ehe" niliipokea kama ndiyo. Nilirudi Korogwe nikirukaruka, nikaalika stesheni nzima harusini.

Siku ya soko mjomba wa binti aliniletea mwavuli wangu, na juu yake jembe jipya lenye mpini. "Shemeji yangu, yule mzee, anakusalimu. Hili ni lako." Hakueleza, maana kwao halikuhitaji maelezo. Nami sikuuliza, maana kwangu lilikuwa tusi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini relini. Jembe nikalitupa uvunguni.

Nilipomsimulia shangazi, binti alikwisha kuolewa.

"Tusi?" shangazi akasema. "Mtu akikupa jembe amekuonyesha pa kulima. Ungemlimia msimu mmoja, ungepewa mke. Wanawake wa sokoni wote walijua binti anakungoja. Wewe ulikuwa unatembeza mwavuli."

Mwavuli uliliwa na panya. Jembe ninalo bado, nalimia mihogo. Ni jembe zuri.