Sentensi Niliyoiandika Kolwezi

Kiingereza nilijifunza kwenye misheni ya Waprotestanti, Kolwezi, enzi za Wabelgiji, wakati shule zote zilikuwa za Kifaransa. Jumamosi mchana bibi mmoja Mmarekani alitukusanya wasichana sita kanisani. Ambaye angefanya vizuri angepelekwa kusomea uuguzi. Nafasi ile niliitaka bila haya.

Mwezi ule tulifundishwa maneno ya kuunganisha: and, but, or, so. Mimi nilitia and kila mahali, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja. Bibi akachoka. Akatuambia tuandike sentensi kumi za nyumbani kwetu, za kweli, kila neno mahali pake.

Kweli ya nyumbani kwetu ilikuwa moja. Baba, mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana, alikohoa tangu alfajiri hadi mama amshike mgongo. Siku ya kupimwa kifua kwa daktari alitafuna tangawizi njia nzima ili asikohoe, akabana pumzi, akapita. Wengi katika kambi ya mgodi tuliyoishi walifanya hivyo, maana aliyekutwa na kifua kibovu aliachishwa kazi, akanyang'anywa nyumba, akapandishwa treni na wanawe kurudishwa kwao.

Basi nikaandika kwa Kiingereza: baba anakohoa sana nyumbani, but hakohoi mbele ya daktari. Niliisoma mara tatu kwa furaha. Neno lilikuwa limekaa sawasawa. Habari yenyewe sikuifikiria, na najilaumu mpaka leo.

Bibi alinipa alama zote, kisha akauliza kwa upole kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Alikuwa mtu mwema. Alikwenda kumwambia daktari wa kambi ili baba atibiwe.

Baba akaitwa ghafla, hana hata tangawizi. Alirudi na karatasi ya kuachishwa kazi, akaketi mlangoni.

"Mi sikukohoa mbele ya munganga hata siku moja," alimwambia mama. "Ni nani alibaambia?"

"Batu ba kambi banaona bitu mingi, tata," mama akajibu.

Nilisimama kando yao. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Kalamu yangu iliponza nyumba nzima.

Siku ya safari, jirani aliyeanza kazi siku moja na baba alikuja stesheni na kuku wa kula njiani. Baba hakumpa mkono. Aliamini ndiye aliyemsema kwa daktari. Nikaona, nikanyamaza. Baba alikufa Kasai mvua zilizofuata, bado anamchukia yule rafiki yake.