Mtu wa Ngamia na Matundu ya Moshi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoboa kichwa cha injini ya watu hapa Garissa kwa kiburi changu mwenyewe. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikipotea katikati ya maneno, nisubiri, nitarudi.

Lori la maji la Mzee Abdi lilikuwa likilemewa na mchanga wa njia ya Hulugho, kwa sababu moshi ulitoka kwenye injini kwa shida. Adeer Gedi, ndugu wa baba yangu aliyenifundisha ufundi, akaniambia niyalainishe matundu ya moshi ya kichwa cha injini, ile silinda hedi, nitoe vinundu tu vilivyobaki tangu kiwandani. Jirani yetu, fundi Juma, akacheka: "Mtu wa ngamia apewe silinda hedi? Si ataikamua!" Juma huyo alipika chai nzuri sana, lakini hayo si ya leo.

Nikapandwa na hasira. Nikashika mashine ya kusagia, nikasaga, nikapanua, ili Juma aone. Adeer alipomimina maji kwenye njia ya maji ya kichwa kile, yakatiririka kupitia tundu la moshi. Nilikuwa nimetoboa ukuta unaotenga maji na moshi. Na huko Hulugho mbuzi walikuwa wakianguka kwa kiu, wanalisubiri lori hilo.

"Mnyang'anye hiyo mashine, Mzee Gedi," Juma akasema.

"Siitoi!" nikasema, machozi yananitoka. "Nileteeni kichwa kingine."

Adeer hakunipiga. "Waryaa, we kijana, ulipomtoa ndama aliyekwama tumboni mwa ngamia, ulitumia macho?"

"La, Adeer. Mkono."

"Basi hapa mbona umetumia hasira?"

Kwanza alinituma kwa Mzee Abdi nikaseme kosa langu kwa mdomo wangu. Wallahi, matusi niliyokula! Kisha tukafungua kichwa cha injini ya lori bovu nyuma ya gereji, nikaanza upya: msasa kidogo, kidole ndani, napapasa, kinundu kikiisha naacha. Kesho yake alasiri lori likaondoka limejaa, likaukata mchanga bila kusimama. Mzee Abdi aliporudi alisema mbuzi wengine hakuwawahi. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwanangu, bado wapo wanaosema mtu wa huku kazi yake ni kuchunga, injini zipelekwe Nairobi. Usikubali! Lakini anayekucheka usimjibu kwa kusaga chuma cha mtu mwingine. Toa kinachozuia, ukuta uache usimame. Ukiharibu, sema mwenyewe, kisha rudi pale pale ulipoharibu ushike kazi tena, na asikutoe mtu. Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako, na akupe ubishi mahali unapostahili. Amin.