Mikono Ukutani

Mume wangu ni askari wa gereza, mwaka wa kumi na tisa huu. Msinionee huruma, nilimpenda mwenyewe, na nampenda mpaka leo, hata akinitia wazimu. Tukila anatuhesabu kwa macho: mimi, binti yetu, mama mkwe wangu. Watatu. Nikienda jikoni mara moja, anaanza upya. Nilizoea kumtania, "Afande, hajatoroka mtu, kula!" Naye anacheka.

Mwaka huu kicheko kikakatika. Askari wamepungua, yeye peke yake anaachiwa wafungwa mia na ishirini, tena zamu mbili mfululizo. Halafu kijana mmoja akajinyonga kwenye zamu yake. Mume wangu ndiye aliyemshusha. Unajua alipewa nini? Karatasi ya kuandika maelezo! Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini. Nilipomuuliza, akasema, "Ndiyo kazi, mke wangu." Basi.

Jumanne binti yetu, wa miaka sita, akarudi kutoka shule. Baba yake akamfungulia mlango, akasema, "Mikono ukutani." Mtoto akacheka, akidhani mchezo. Baba akamgeuza, akampekua mifuko, akamvua viatu na kuvikung'uta, mkoba wote akaumwaga sakafuni. Nilitoka jikoni mbio. "We mwanamume! Huyo ni mwanao!"

Akashtuka. Akamwona mtoto analia, uso umeelekea ukutani, mikono bado iko juu. Akakaa chini palepale, katikati ya penseli na madaftari.

Siku tatu mtoto akisikia buti zake anajificha nyuma ya bibi yake. Roho iliniuma, jamani. Mimi kelele ndiyo fani yangu, lakini siku ya tatu nilimwambia mume wangu polepole: "Unaumwa, mume wangu. Twende hospitali, au mtoto nampeleka kwa dada yangu."

"Wenzangu wakijua, wataniita chizi."

"Na wakuite! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jumamosi tukaenda, yeye na kofia mpaka machoni kama mwizi wa kuku. Nje ya chumba cha daktari wa akili, kwenye benchi, ameketi mtu mmoja tu: mkuu wake wa zamu, lile jitu la miraba minne linalowatetemesha askari wote. Mume wangu akaivuta kofia chini zaidi. Nikajisemea, yamekwisha, tunarudi nyumbani.

Mume wangu akabana visigino, nusura apige saluti. Mkuu akasogea, akapiga benchi kwa kiganja.

"Hapa hakuna afande. Kaa, mdogo wangu. Mimi nakuja hapa mwezi wa nne huu."

Mume wangu akakaa. Akalia mbele yetu, kwa sauti, na mkuu akamshika bega. Nesi akafungua mlango, akauliza nani anafuata.

Aliyekuwa anafuata ni mkuu. "Aanze huyu," akasema.