Mkono wa Nguva

Kakangu Gharibu ni mwalimu wa bayolojia hapa Kismayu, na katika watu wote niliowahi kuwakasirikia, yeye ndiye mpole zaidi. Tulizaliwa kisiwa cha Chula. Vita vilipotutoa kwetu tulikuwa wadogo, tukalelewa kambini Mombasa, na huko wenzake walipokuwa wakicheza mpira yeye alikuwa akipasua vyura. Tuliporudi tukakaa hapa mjini, mimi nikafungua kibanda cha nguo za kike, madira na shungi, yeye akapata kazi katika skuli ya binafsi. Kwetu mtu akijua nasaba yake mpaka babu wa saba huonekana msomi. Gharibu hakutosheka na babu wa saba. Alitaka kujua papa alitoka wapi, na kabla ya papa kulikuwa na nini.

Mkuu wa skuli alimwambia airuke sura ya asili ya viumbe, wazazi wasije wakamjia juu. Hakuiruka. Aliifundisha kama historia: huyu alifikiri hivi, yule akamkosoa, mwengine akaja na mifupa. "Mola ndiye Muumba," aliwaambia wanafunzi, "sisi twasoma tu namna." Wazazi walinung'unika, kisha wakamzoea, maana hakuna aliyewahi kumkosa msikitini.

Mkewe ni Barke, wa kisiwa cha Koyama. Walikuwa na mtoto mmoja, Nadia. Alikuwa na miaka tisa alipokwenda kula Idi kwa bibi yake kisiwani. Siku ya kurudi, boti la mashine lilipinduka karibu na kisiwa, hata watu wa pwani walisikia mayowe. Maiti wengine walipatikana. Nadia hakupatikana. Akasaliwa bila jeneza, watu wakakaa matanga, wakala pilau, wakaenda zao.

Laiti wote wangekwenda kimya. Bibi mmoja, Mungu amsamehe maana mimi bado, alimnong'oneza Barke maneno ya zamani: kwamba mtu akichukuliwa na maji asirudishwe, huwa nguva. Hadithi hizo twazijua sote. Nguva ana matiti kwapani, humnyonyesha mwanawe, na ati wavuvi wa kale wakimpata walikuwa wakiapishwa kwamba hawakumgusa kama mwanamke. Kwa mtu aliyelala usingizi wake ni mambo ya kuchekea. Barke aliyashika kwa mikono miwili.

Akawa kila boti likiingia yuko pwani. "Mumeona nguva? Mkubwa au mdogo?" Wavuvi wakawa wanamkwepa. Alikonda kama samaki wa ng'onda. Kila Ijumaa alizifua nguo za Nadia, mtoto asije akarudi akazikuta zina vumbi. Mimi nilitaka apelekwe akasomewe. Gharibu akakataa.

"Mke wangu si mwendawazimu, Zainab," aliniambia. "Hajakubali tu kwamba mtoto amekufa. Nitamweleza polepole mpaka ajue nguva ni mnyama kama wanyama wengine. Akijua, atalia. Akilia, atapona."

Basi ikawa kila alasiri, wakinywa chai ya maziwa uani, anamfundisha mkewe yale anayowafundisha watoto wa watu. Nikifunga kibanda nami nilikuwa nikipita, nikisingizia kuomba sukari. Alianza na watu wa kale waliodhani nyama iliyooza huzaa funza yenyewe, mpaka Mtaliana mmoja akafunika nyama kwa kitambaa, na funza wasionekane. Barke akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Idi ile. Akamweleza juu ya msomi wa Basra, zaidi ya miaka elfu iliyopita, aliyeandika jinsi wanyama wanavyowindana na jinsi mahali wanapoishi panavyowageuza. Akamweleza Mfaransa aliyedhani twiga alirefuka shingo kwa kujinyoosha, akawarithisha wanawe, na jinsi waliokuja baadaye walivyoona sivyo. Akamweleza Waingereza wawili, mmoja mzee aliyekaa na wazo lake miaka na miaka akiogopa kulisema, na mwenziwe aliyelipata wazo hilo hilo akiwa mgonjwa wa homa kwenye visiwa vya mashariki ya mbali.

"Alikuwa na mkewe huyo wa homa?" Barke aliuliza.

"Alikuwa peke yake."

"Maskini."

Hatimaye akafika kwa nguva. Alimwambia kwamba wataalamu walibabaika naye sana. Wako waliomweka pamoja na nyangumi, mpaka mmoja akasema huyu ni jamaa ya ndovu. Kisha Jamaika ikapatikana mifupa ya nguva wa kale mwenye miguu minne. "Alikuwa akitembea nchi kavu," Gharibu alisema. "Akaingia majini, akakaa, akakaa. Miguu ya nyuma ikapotea, ya mbele ikawa mapezi. Hakuwa mchu, hakuwa binadamu hata siku moja, Barke. Ni mnyama wa Mungu tu." Barke alisikiliza kwa makini, kichwa akikiinamisha kama mwanafunzi mzuri.

Siku moja akaja kibandani kwangu na mfuko. Nguo za Nadia. "Zigawe, wifi," alisema. "Mwanangu amekufa." Akalia, nami nikalia, wateja wakasimama nje wasijue la kufanya. Nilimshukuru Mungu, na nikamwomba radhi kakangu moyoni kwa kumwona mjinga.

Baada ya hapo kidogo, binamu yetu Yusuf wa Chula alikuta nguva amekufa wavuni, ameshindwa kupanda juu kuvuta pumzi. Alikuwa mdogo. Yusuf alimjua Gharibu na mambo yake, akamletea pezi zima, na nyama kidogo kwa ajili ya chungu. Barke aliipokea nyama, akaiosha, akaipika kwa tui na ndimu, akatupakulia, akakaa akala. Alisema ni kama nyama ya ng'ombe. Gharibu alikuwa akimtazama anavyotafuna, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Iliyobaki Barke akaifunika, tuile kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Kesho yake asubuhi, skuli imefungwa, Gharibu alilichemsha lile pezi uani, akaondoa ngozi na mafuta, akaipanga mifupa juu ya mkeka, mmoja mmoja, mahali pake. Wanafunzi wangeiona Jumamosi. Alifurahi kama mtu aliyepokea mgeni. Akatuita.

"Njooni muone! Yale yote niliyokuwa nikisema, ushahidi wake huu hapa."

Tukaenda. Kwa nje lile pezi lilikuwa kama kafi. Kwa ndani palikuwa na kiwiko, kifundo, kiganja na vidole vitano.

Barke alichuchumaa. Akaweka kiganja chake kando ya kile cha mifupa. Kile cha mkekani hakikumzidi sana.

"Baba Nadia," alisema taratibu, "huu ni mkono."

"Ndiyo!" Gharibu alijibu, kwa ile furaha yake ya darasani, Mungu wangu. "Ni mkono hasa!"

"Ni mkono wa mchu."

Hapo ndipo alipomtazama mkewe usoni. Alianza kueleza kwamba popo pia ana vidole vitano, na nyangumi, na hata mjusi. Alikuwa akisema haraka haraka. Barke hakupandisha sauti.

"Ulinambia mwenyewe. Alikuwa nchi kavu. Akaingia majini. Miguu ikapotea, mikono ikafunikwa ngozi. Kila siku ulinambia, nami nikakuamini." Kisha akajishika koo. "Ukaniacha nile."

Alitapika mpaka hakikubaki kitu. Nilimshika mabega, akanisukuma. Aliiosha ile mifupa kwa mkono wake, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akampigia simu nduguye Mzamil aje na boti. Alisema atamzika Koyama. Gharibu alimfuata mpaka mlangoni akimsihi amchukue naye. Barke akamwambia, "Wewe usimguse tena." Akaenda zake, na mpaka leo yuko kwa mamake. Nasikia hali kitu cha baharini, na Koyama mtu asiyekula samaki atakula nini.

Waliporudi watu msikitini nilimkuta Gharibu amekaa pale pale mkekani, hakwenda kusali. Nikaingia jikoni, nikakiona chungu cha jana. Nikakichukua nje niwamwagie paka.

"Usimwage, Zainab."

"Gharibu, wewe wajua ni mnyama."

"Najua," alisema. "Najua vizuri kuliko nyote."

Akanipokonya chungu, akachimba kando ya ukuta kwa upawa, kisha kwa mikono, kwa kina. Akakilaza ndani na kifuniko chake. Alipomaliza kufukia aliinama mpaka paji la uso likagusa mchanga, nikamsikia akimwomba mwanawe msamaha, akimtaja kwa jina.